"Hamna hatari hapo, eeh?": kisa cha mmh mbili

Kisa hiki kina watu watatu na "mmh" mbili. Watu ni mteja, mwanafunzi wa masta ya saikolojia ya kliniki aliyekuwa mwaka wa pili, na mimi supavaiza wake, yaani msimamizi wa mafunzo yake. Vya kumtambulisha mteja nimevibadili vyote, mwanafunzi ameisoma yote kabla sijaitoa na kuna sehemu mbili alinirekebisha nikaziacha kama alivyotaka. Nakiandika kwa urefu kwa sababu kila nikikisimulia kwa kifupi watu wanadhani ni habari ya mwanafunzi aliyesahau kumuuliza mteja kuhusu kujiua. Hakusahau bana. Aliuliza, na jibu akapewa, na kwenye noti akaandika.

Nianze na huyu dada. Alikuja kwangu na sifa zake kabisa, wale waliomfundisha mwaka wa kwanza walisema huyu hatakusumbua, na kweli hakunisumbua, na nikiangalia nyuma naona hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Alikuwa na wateja wanne, tunakaa saa moja kila wiki mi na yeye, noti zake zinaingia siku ile ile ya sesheni wakati wenzie nawakimbiza mpaka wikiendi. Noti zimenyooka. Lengo la sesheni, kilichofanyika, mteja kaitikiaje, mpango wa wiki ijayo, hatari. Ukisoma noti za namna ile unapumzika, unasema huyu ameshaiva, unahamia kwa yule ambaye noti zake hazieleweki. Kwa hiyo mwanafunzi mzuri anapata macho machache kuliko mwanafunzi mbovu, na hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo, inatokea tu kwa sababu ya uchovu.

Mteja alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, kazi imeisha, uchumba nao umevunjika ndani ya miezi miwili, kaja mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Usiku halali, hana hamu na kitu, hajibu simu za watu. Kwenye PHQ-9 siku ya kwanza alipata 18. Kwa asiyeijua, ni dodoso la maswali tisa, kila swali linauliza jambo limekusumbua mara ngapi ndani ya wiki mbili zilizopita, unajipa 0 mpaka 3, jumla yake ya juu kabisa ni 27, na 15 mpaka 19 inahesabiwa kuwa sonona ya wastani inayoelekea kuwa kali. Swali la tisa ndilo linalouliza kuhusu mawazo ya kwamba bora ufe au ya kujidhuru. Yeye siku ile alijaza 0 kwenye la tisa.

Mwanafunzi akaanza naye tiba ya kuamsha shughuli, ile ya kupanga na mtu vitu vidogo avifanye kwanza hata kama hamu haipo, hamu itamkuta njiani. Ilikwenda vizuri. Asubuhi anatembea, simu mbili tatu kazijibu, usingizi umerudi. Jumla ikashuka, 18, 17, 15, 15, 14, 13, sesheni ya saba 11. Kwenye kompyuta kuna grafu inayojichora yenyewe, mstari wa kijani unateremka kutoka kushoto kwenda kulia, na mi kila wiki naufungua huo mstari, naona unateremka, nafunga. Sikuwa nafungua majibu ya swali moja moja. Lazima ubonyeze mara mbili zaidi kuyafikia na sikuwa nabonyeza, basi.

Ningebonyeza ningeona hivi kwenye swali la tisa, sesheni ya kwanza hadi ya saba: 0, 0, 0, 0, 0, 1, 1. Usingizi umepanda, nguvu zimepanda, na jumla inashuka kwa sababu yake, na hiyo 1 ndogo imejificha ndani ya jumla inayofurahisha. Moja maana yake ni "siku kadhaa". Mtu mzima amekaa kwenye kiti cha mapokezi, kashika kalamu, kasoma swali linalouliza kama anawaza bora afe, akaweka alama kwenye siku kadhaa, akairudisha fomu kaunta, ikaingizwa kwenye mashine, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mara mbili.

Tulikujaje kujua? Tathmini ya katikati ya muhula. Sehemu nyingi sasa hivi hairuhusiwi kumpa mwanafunzi alama kwa kusikiliza simulizi zake tu, mfano viwango vya ithibati vya APA, chama cha wanasaikolojia kule Marekani, vilivyopitishwa 2015 vinataka kila tathmini ya mafunzo kwa vitendo iwe na sehemu iliyotokana na kumwona mwanafunzi akifanya kazi yenyewe, iwe uso kwa uso au kwa video. Sisi tunarekodi sesheni zote, mteja anasaini siku ya kwanza na anaambiwa wazi kwamba huyu ni mwanafunzi na kuna mkubwa wake anayesikiliza. Tunarekodi. Kusikiliza sasa, hapo ndo kwenye kazi. Nilikuwa nasikiliza vile vipande anavyoniletea mwenyewe, na mwanafunzi yeyote duniani atakuletea kipande alichong'ara.

Safari hii nikachagua mwenyewe, sesheni ya saba, nikaanzia dakika ya 38. Nina kitabia cha kuanzia theluthi ya mwisho kwa sababu watu wengi mazito yao wanayasema mkono ukiwa karibu na kitasa. Dakika ya 41 nikakuta hiki:

Mteja: "...sasa hivi angalau nalala. Ila kuna usiku mwingine naona tu, sijui, watu wangu wangepumzika."

Kimya, kama sekunde tatu.

Mwanafunzi: "Pole sana. Lakini sio kwamba unafikiria kujidhuru au nini, eeh?"

Mteja: "Mmh."

Mwanafunzi: "Sawa. Kwa hiyo ile ya kutembea asubuhi, wiki ijayo tuiongeze siku ngapi?"

Nikafungua noti yake ya siku ile. "Mteja amekana mawazo ya kujiua. Hatari: ndogo."

Ile "mmh" nimeirudia mara sita. Nikamwita supavaiza mwenzangu aliyekuwa ofisi ya pili, nikamsikilizisha bila kumwambia chochote, akasema anakubali, yaani anakubali kwamba hafikirii. Nikamuuliza una uhakika, akasikiliza tena, akasema hapana, huyu anakwepa. Nikasikiliza tena mimi nikasikia mtu anayeguna.

Hapa tukae kidogo kwa sababu ni suala la lugha yetu wenyewe. Kiswahili ukimuuliza mtu kwa kukanusha, jibu lake linabeba njia mbili. "Hujamaliza?" Mmoja atakujibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo, ni kweli sijamaliza, mwingine atajibu "hapana" akimaanisha kitu hicho hicho. Kwenye maisha ya kawaida haina shida, tunamaliziana kwa macho na kwa mazingira. Halafu uje kwenye "mmh" sasa. Mmh ya kukubali, mmh ya kukataa, mmh ya "makubwa haya", mmh ya "endelea nakusikia", mmh ya mtu asiyetaka kuongea, zote zinatofautiana kwa mpando tu wa sauti, na kama mtu ana sonona sauti yenyewe haipandi wala haishuki. Umechukua swali lenye njia mbili ukalijibia kwa neno lenye njia tano. Kutoka hapo mtu akiandika "amekana" anaandika alichotaka kusikia.

Na swali lenyewe lilikuwa limeshafungwa kabla halijaulizwa. "Sio kwamba... au nini, eeh?" Huyo anaomba aambiwe hapana. Pia "kujidhuru" sio "kujiua", mtu anaweza kukana la kwanza kwa moyo mweupe kabisa kwa sababu hana mpango wa kujikata, wakati la pili analilalia kila usiku.

Siku hiyo hiyo tulifanya nini. Nilimwita mwanafunzi, nikamwekea kipande, sikusema neno. Alisikiliza mara moja tu, akaweka mkono mdomoni. Nikamwonyesha zile 1 mbili. Nikamwambia mdogo wangu, hayo ya tathmini yasubiri, sasa hivi kuna mtu wa kupigiwa simu. Nilitaka kupiga mimi na nilikuwa nimeshashika simu, na wengine wataniona nilikosea kumpa yeye, lakini mteja anamjua yeye, sauti ngeni ingemtisha bure. Mzigo wa kisheria na wa kitaalamu ulikuwa wangu, hilo halina mjadala, mwanafunzi hana leseni, anafanya kazi chini ya saini yangu, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikisikiliza tayari kuichukua simu. Mteja akapokea. Akaulizwa kama anaweza kuja leo. Akasema anaweza, hata hakuuliza kwa nini.

Aliporidhia nami niwepo nikaingia, nikakaa nyuma kidogo. Na mwanafunzi akafungua hivi, hapa nanukuu kutoka kwenye rekodi: "Nimesikiliza sesheni yetu iliyopita nikaona kuna swali nilikuuliza vibaya. Nakuuliza upya. Ndani ya hizi wiki mbili, umefikiria kujiua?"

Jamaa akaangalia chini muda mrefu. Akasema: "Ndiyo. Nilidhani hutaki kusikia."

Sijui kama kuna mrejesho mkali zaidi ya huo mtu anaweza kupewa kwenye fani hii. Na aliusema kwa upole, kama anayeomba radhi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa sababu ndiyo yaliyokwenda kama yanavyopaswa kwenda. Mawazo yalikuwa yanakuja usiku, mara tatu nne kwa wiki, nia ya kufanya haikuwepo, siku haikuwepo, kuna dada yake alikuwa hajamwambia. Tukafanya naye mpango wa usalama ule wa watafiti Stanley na Brown wa hatua sita: dalili zinazomwambia kwamba hali inabadilika, vitu anavyoweza kufanya mwenyewe, watu na sehemu za kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na namba za dharura, na mwisho kuyafanya mazingira ya nyumbani yawe salama. Aliandika kwa mkono wake, kwa maneno yake. Dada akapigiwa simu pale pale mbele yetu, dawa za ndani akazichukua yeye. Sesheni zikawa mbili kwa wiki kwa muda, daktari wa akili akamwona wiki ile ile. Mimi niliingia kwenye sesheni tatu zilizofuata halafu nikatoka, na hiyo ya kutoka ilinipa kazi kuliko ya kuingia.

Sasa supavisheni yenyewe, siku mbili baadaye. Nilitumia ile njia ya mwanasaikolojia Norman Kagan ya kuweka rekodi na kumwachia mwanafunzi mwenyewe asimamishe anapokumbuka kitu kilichopita kichwani mwake wakati ule. Supavaiza hasahihishi, anauliza tu hapo ulikuwa unawaza nini, mwilini ulisikia nini, kuna kitu ulitaka kusema ukakimeza? Nilimpa rimoti. Aliisimamisha kwenye zile sekunde tatu za kimya.

Akasema: "Hapa nilijua."

Nikamuuliza ulijua nini. Akasema alijua mteja anaongelea kifo, alisikia tumbo limemkaza, na akaangalia saa ukutani akaona zimebaki dakika tisa. "Nikawaza akisema ndiyo, dakika tisa nazifanyia nini." Kwa hiyo aliuliza swali kwa namna ambayo ndiyo isingetoka. Hakupanga, ilitoka yenyewe, lakini ukiisikiliza ni kazi ya fundi kabisa.

Hii imenifunza zaidi ya vitabu kwa sababu sisi siku zote tunadhani mwanafunzi anaogopa kuuliza kwa vile anadhani atampandikizia mtu wazo. Hilo tumeshalijibu darasani, Dazzi na wenzake walipitia tafiti mwaka 2014 hawakuona ushahidi kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua, kila mwanafunzi analijua na anaweza kulijibu kwenye mtihani. Yeye alikuwa analijua. Alichoogopa ni jibu, na dakika zilizobaki.

Nikamuuliza tena, ulivyoenda nyumbani ikawaje? Akasema hakulala vizuri, ile mmh ilimrudia, kesho yake akamwambia mwanafunzi mwenzie, mwenzie akamwambia usijali si umeandika kwenye noti. Nikauliza, nadhani kwa sauti ambayo haikuwa nzuri sana, kwa nini basi hukuniambia mimi, tulikaa saa nzima siku moja baada ya hapo.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Dokta, uliniuliza."

"Nilikuuliza nini?"

"Ulisema, 'Na huyu wa kutembea asubuhi, hamna hatari hapo, eeh?' Nikasema mmh."

Noti zangu za supavisheni ninazo. Nilizifungua mbele yake. Mteja wa tatu: maendeleo mazuri, hatari hakuna.

Daktari wa akili Harold Searles aliandika mwaka 1955 kwamba yanayotokea kati ya mteja na mtabibu yana tabia ya kujirudia kati ya mtabibu na supavaiza wake, siku hizi tunaita mchakato sambamba, na kiukweli mi nilikuwa mmoja wa wanaolifundisha hilo kwa kulikwepakwepa, linakuwa rahisi mno kulitumia, kila kitu unasema ah huo ni usambamba. Lakini hapa sikuwa na pa kukimbilia. Mteja alimpa mwanafunzi mmh kwa sababu alihisi hatakiwi kusema ndiyo. Mwanafunzi akanipa mimi mmh kwa sababu hiyo hiyo. Swali langu na lake yamejengwa sawa, "hamna" mbele na "eeh" nyuma. Ila nisimsingizie Searles kila kitu, mi nadhani ni pande zote mbili, yawezekana yeye alibeba hofu ya mteja akaileta kwangu, na yawezekana pia kwamba namna ya kuuliza aliiokota kwangu tangu mwanzo wa mwaka akaipeleka kwa mteja. Mwanafunzi anajifunza unavyomuuliza yeye kabla hajajifunza unavyomwambia aulize.

Na sababu ya kuogopa kuniambia ilikuwepo, nikaitafuta na nikaipata. Wiki ya tano ya muhula wetu wa kwanza aliniletea kosa, dogo tu, alimaliza sesheni mapema kwa sababu mteja alikuwa analia na hakujua la kufanya. Nilimwambia, naikumbuka, "Sasa hapo ulikuwa unafikiria nini?" Maneno hayo yana maana mbili na mimi nilitumia ile mbaya. Kuanzia wiki ya sita noti zikanyooka. Mimi nikaona amekua.

Ladany na wenzake mwaka 1996 waliwauliza wanafunzi wa tiba ni mambo gani hawawaambii masupavaiza wao, asilimia 97.2 walikuwa na kitu walichoficha, wastani ni kama vitu nane kwa kila mtu, asilimia 44 waliwahi kuficha makosa ya kliniki, na wengi wa waliotafuta pa kusemea walikwenda kusemea kwa wenzao wa fani. Nilikuwa nazijua hizo namba, nimeziweka kwenye slaidi miaka yote. Huwa unazisoma ukijua zinahusu masupavaiza wengine.

Lipo pia suala la kalamu. Mimi ndiye namsikiliza, mimi ndiye nampa alama, mimi ndiye nasaini masaa yake. Unamwambia mtu leta makosa yako hapa ni salama, na fomu ya tathmini iko kwenye droo hiyo hiyo. Sijui dawa ya hilo na sidhani ipo, kwa sababu lazima mtu fulani azuie asiyefaa asifike kwa wateja, na mtu huyo lazima awe amemwona kwa karibu. Nilichoanza kufanya ni kulisema tu waziwazi siku ya kwanza, kwamba fomu ipo, inaonekana hivi, na kosa ulilolileta mwenyewe nitaliandika kama kosa ulilolileta mwenyewe.

Kwenye kikao cha walimu tukagawanyika. Mmoja alitaka mwanafunzi aandikiwe mpango rasmi wa kurekebishwa, ule unaokaa kwenye faili, akasema noti ilisema amekana na mteja hakukana, hiyo ni taarifa ya uongo kwenye rekodi ya mgonjwa. Hoja ina uzito na sikuidharau. Mi nilisema kuna kosa la ustadi na kuna kosa la uaminifu na tusiyachanganye. Angejua kwamba mteja amesema ndiyo akaandika hapana, ningekuwa wa kwanza kumzuia asiendelee. Yeye aliandika tafsiri yake mahali pa maneno ya mteja, kitu ambacho nikipekua noti za sisi wenye leseni humu ndani tutafungiwa wote. Mwenzangu akauliza, na kwamba alikuwa na mashaka usiku ule akanyamaza? Hapo nikakiri kwamba hilo limekaa katikati, sio ustadi tu, na ndipo nikawaeleza na swali langu la eeh. Ikawa kimya kidogo. Mwisho wake alipata 2 kati ya 5 kwenye kupima hatari, na ushahidi umeandikwa dakika kwa dakika, akapata 4 kwenye kupokea mrejesho, na kwenye faili nikaandika aya moja inayoeleza supavisheni yangu ilichangiaje. Mmoja akaniambia unajichongea. Labda.

Ile 2 ilimuuma, nisidanganye. Wiki nzima alikuwa ananijibu kwa heshima mno. Hapa ndipo mahali pamojawapo aliponirekebisha, mi nilikuwa nimeandika "alikubali vizuri", akaniambia dokta sikukubali vizuri, nililia kwenye gari na nilitaka kuhama supavaiza, andika hivyo.

Mafunzo tuliyageuza kichwa chini. Kawaida tunafundisha kuuliza swali halafu ndo kinachofuata. Kama anachoogopa ni kinachofuata basi tuanzie huko. Wiki tatu mi nilikuwa mteja ambaye ameshasema ndiyo, tunaanzia hapo, zimebaki dakika tisa kwenye saa halisi ya ukutani, fanya. Mara ya kwanza alizungumza dakika sita mfululizo. Mara ya nne au ya tano akagundua kwamba dakika tisa ni nyingi sana kumbe, na kwamba hakuna sheria inayosema ukifika mwisho wa saa umwachie mtu mlango, unamgongea supavaiza. Hakuwa anajua kwamba anaruhusiwa kunigongea katikati ya sesheni. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Baada ya hapo ndo tukafanya swali. Kwa sauti, umesimama, mara kumi kumi, "unafikiria kujiua?", bila sio, bila au nini, bila eeh mwishoni. Neno lenyewe lilikuwa linamkwama, linatoka kwa kunong'ona. Halafu kukaa kimya baada ya kuuliza. Halafu kama jibu ni mmh, unarudi: "Mmh ya ndiyo au ya hapana?" Inachekesha kidogo ukiisema na wateja wengine wanacheka kweli, na wakishacheka wanajibu. Na kwenye noti unaandika ulichouliza na alichojibu, kwa maneno, "nilipouliza kama anafikiria kujiua alisema hapana", tafsiri yako unaiweka mstari wa chini na unaandika wazi kwamba hiyo ni tafsiri.

Kwa upande wangu vipande nachagua mimi sasa, yeye anachagua kimoja, mimi kimoja. Swali la tisa nalifungua kabla ya grafu. Na saa yetu naianza kwa kumuuliza wiki hii kuna sehemu gani asingependa niisikilize. Wiki ya kwanza alisema hamna. Ya pili akataja moja.

Utawala nao ukatoa suluhisho, kwenye noti wakaongeza kiboksi kipya cha lazima: "Hatari imeulizwa? Ndiyo/Hapana." Kwenye kisa chetu angeweka tiki kwenye ndiyo na angekuwa amesema kweli.

Mteja aliendelea mpaka sesheni ya kumi na tisa. Jumla ilimalizia 6, swali la tisa 0 kwa wiki tano mfululizo na kila wiki aliulizwa pia kwa mdomo, wiki za mwisho akawa anajibu kabla hajaulizwa. Karatasi ya mpango wa usalama aliondoka nayo.

Majuzi nilikuwa nasikiliza rekodi ya mwanafunzi huyu na mteja mwingine kabisa, mpya, kipande nilichochagua mimi. Mteja kasema amechoka na kila kitu. Naye akauliza, neno zima zima, unafikiria kujiua. Halafu kimya. Sekunde nne, tano. Sekunde ya nane nikajikuta mimi, niliyekaa ofisini peke yangu na kitu kilichorekodiwa siku mbili nyuma, ndo nataka kumsaidia yule mteja kujibu. Yeye katulia. Sekunde ya kumi na moja mteja akasema, "Hapana. Sio kufa. Nimechoka tu."

"Kuchoka kukoje?" akamuuliza.